Baada ya Taa Kuwashwa

Filamu ilikwisha saa nne na dakika tano usiku.
Nje, ziwa Erie lilikuwa limeimwagia Buffalo theluji
hadi magotini, basi la mtaa wa Hertel halionekani,
watu wakabaki sebuleni mwa sinema, makoti mikononi,
wakaanza kuhukumu.

Mimi nilikuwa na ufagio.
Mshika ufagio haonekani, ila masikio anayo.

Kowalczyk, fundi bomba, ndiye aliyefungua baraza:
"Saa mbili na robo! Mhasibu wa genge anapigwa risasi
dakika ya arobaini, muuaji tumeshamjua,
kilichobaki nini? Tarumbeta.
Tarumbeta jikoni, tarumbeta garini, tarumbeta msibani.
Nimelipia uhalifu, nikauziwa tamasha."
Mkewe akasema, "Ulilala."
"Nililala kwa sababu hiyo hiyo."

Mwanafunzi mmoja wa miwani akaruka kama bisi sufuriani:
jazi, alisema, ndiyo upelelezi wenyewe!
Pale klabuni ngoma inapochelewa nusu pigo
ndipo tunapojua mpigaji ameiona bastola.
Akagonga kwa vidole kwenye kioo cha kaunta,
ta-ta, ta-ta, ta...
                         ta,
na kweli, lile lililochelewa lilinigonga mbavuni,
nikasimama, ufagio hewani.

"Kofia zilikuwa nzuri," mtu akasema.
"Na lile gauni la kijani! Ningeuza figo."
Rafiki yake hakucheka. "Umehesabu?
Wapiga muziki wote wale, weusi, wamevaa, wanameremeta,
hawakupewa hata sentensi kumi za kusema.
Wametiwa kama chumvi."
"Chumvi?"
"Bila wao hailiki. Na nani huitaja chumvi
akitaja jina la chakula?"

Bi Odessa Whitlow hakuinua macho.
Alikuwa kwenye benchi, akifunga buti lake polepole
kwa vidole vilivyopinda kama tangawizi.
"Baba yangu alipuliza tromboni Detroit, miaka ile ile,
pombe ikivushwa mtoni usiku kutoka Kanada.
Yule mwigizaji anapuliza kama anazima mshumaa.
Mdomo wa mpuliza shaba huwa na alama, duara,
kama mhuri wa posta. Mama akiupaka mafuta kila Jumapili.
Alama hawakuiweka."
Akavuta kamba.
"Lakini wimbo wa mwisho..."
Tukamngoja. Kipasha joto kikanguruma ukutani.
"Wimbo wa mwisho wameupata."

Mimi hakuna aliyeniuliza.
Ningeulizwa, ningesema: dakika ya arobaini na moja.
Bosi anaamuru bendi isikome, bendi haikomi,
na mwanamke wa aproni anaingia na ndoo.
Sekunde nne, labda tano. Uso hawakuuonyesha.
Anafuta kuanzia pembeni kuja katikati,
maana ukianzia katikati unaisambaza.
Aliyemwelekeza anajua,
au mwanamke yule anajua mwenyewe.
Mimi najua, na sitasema nilijifunzia wapi.
Filamu nzima kila kitu kinafuata muziki,
karata, magari, hata risasi;
mkono wake peke yake
una mwendo wake.

Basi likaja, taa zake za njano zikipepesa.
Wakatoka na hoja zao zikigeuka mvuke midomoni,
nikaingia ukumbini: bisi, vikombe,
mtandio mmoja, meno ya bandia (si mara ya kwanza).

Nilikuwa safu ya sita mlango uliposukumwa.
Kowalczyk, theluji mabegani, amesahau glavu.
Akaitafuta chini ya viti ameinama
na huku, bila kujijua, anavumisha puani
ule wimbo wa mwisho.
Aliponiona akanyamaza.
"Usimwambie mke wangu."

Nikampa glavu yake.
Sikumwambia kwamba mahali fulani pale katikati
alikuwa anawahi mno,
kwamba angengoja nusu pigo.